Uzi: Wakichimba makaa ya mawe chini kwa chini, kisima chako kitashuka kiasi gani? Njooni tuone hizi hesabu zinapikwaje

Mpimaji_wa_Goba:

Wakuu habari za jioni, poleni mliokwama Mwenge saa hizi.

Leo naleta kitu ambacho sisi wa Dar tunakiona kama hakituhusu, sababu makaa ya mawe yako huko Ngaka, Kiwira, Mchuchuma, sisi tunapishana na malori tu basi. Mi mtu wa visima, miaka kumi na nne sasa nachimba na kupima visima hapa mjini, Goba, Madale, Kigamboni mpaka Mkuranga, kwa hiyo migodini siingii na sijifanyi najua. Ila wiki iliyopita kuna jamaa yangu ana ndugu na mashamba huko kusini kaniletea ripoti ya mradi wa mgodi wa makaa wa chini kwa chini (jina la mradi naliacha, msinifuate inboksi), akaniambia kaka hebu nisomee hapa kwenye maji, hawa watu wanasema nini.

Ripoti ina kurasa mia tatu na ushee. Maji ya ardhini yamepewa ukurasa mmoja na nusu na ramani moja ya rangirangi. Sentensi yenyewe inasema modeli ya kompyuta imeonyesha maji yatashuka mita 3 kwenye umbali wa nusu kilomita kwa hiyo athari ni ndogo. Imeisha hiyo. Modeli ililishwa nini, visima vingapi vilipimwa, juu ya makaa kuna mwamba gani, hakuna. Nikasoma mara mbili nikidhani nimeruka ukurasa.

Sasa ngoja nieleze kinachotokea kule chini, halafu mtaona kwa nini ile mita 3 ilinichekesha.

Makaa yanakaa kwa matabaka, kama chapati za kusukuma zimepangwa, juu na chini yake kuna mwamba wa mchanga na mwamba wa tope. Ukiyatoa unabakisha nafasi. Kuna njia mbili kubwa za kuyatoa. Moja unachimba vyumba na kuacha nguzo za makaa zishike paa, hapo mwamba wa juu hausumbuki sana mradi nguzo zisilegee. Ya pili mashine inakata ukuta mrefu wa makaa mwanzo mpaka mwisho na nyuma yake paa linaachwa liporomoke makusudi. Lile eneo lililoporomoka Waingereza wanaliita goaf, na mi naona Mungu katuwekea neno letu kabisa, ni gofu tu.

Gofu halikai peke yake. Mwamba uliovunjikavunjika unafika juu mara 2 hadi 8 ya unene wa makaa yaliyotolewa. Juu ya hapo kuna ukanda ambao haujaanguka ila umepasuka, nyufa zimeungana na maji yanashuka nazo, na huo vitabu vya uchimbaji vinautaja kwenye mara 30 hadi 50 ya ule unene. Juu zaidi mwamba unabonyea taratibu kama godoro bila kupasuka sana, na kule juu kabisa ardhi yenyewe inatitia.

Chukua makaa ya unene wa mita 3. Nyufa zinaweza kupanda mita 90 mpaka 150. Kama mgodi uko mita 400 chini na katikati kuna tabaka nene la mwamba wa tope lisilopitisha maji, kisima cha babu cha mita 30 kinaweza kisijue hata kama kuna mgodi. Kama mgodi uko mita 120, hapo umetoboa ndoo kitako halafu unaniuliza maji yatashuka mita ngapi.

Na ile modeli kwenye ripoti, kwa jinsi ninavyoisoma, mwamba wa juu wa makaa umewekwa vilevile kabla ya kuchimba na baada ya kuchimba. Yaani kwenye kompyuta yao paa halijaporomoka.

Kibatari:

Nimeweka mkeka hapa, wa kwanza kushoto. Mkuu endelea mi nasoma tu sina mgodi wala kisima, nina ndoo na simtanki na bili.

Mwana_wa_Songwe:

Mkuu umenigusa. Mi nakaa Tabata ila nyumbani ni huko milimani, maji ya kijiji chetu ni ya chemchemi na miaka yote hayajawahi kukata. Kuna maneno kwamba kuna watu wanapitapita wanatoboa matundu ya utafiti wa makaa. Swali langu la kijinga, mtu anawezaje kutabiri maji ambayo hayaonekani? Si kama kupiga ramli?

Dogo_Hesabu:

Sio ramli kaka. Nipo mwaka wa tatu chuo tunasoma hii kitu so ngoja nimsaidie mkuu.

Msingi ni wa mwaka 1856, kuna mhandisi Mfaransa anaitwa Henry Darcy alikuwa anashughulika na maji ya mji wa Dijon, akajaza mchanga kwenye bomba akapitisha maji akapima. Akaona kiasi cha maji kinachopita kinategemea vitu vitatu, ukubwa wa njia, mteremko wa maji yaani tofauti ya kimo gawanya kwa umbali, na upenyo wa ule mchanga wenyewe, yaani unavyopitisha maji kirahisi au kwa shida. Mpaka leo ndio hiyohiyo. Halafu 1935 Mmarekani Charles Theis akaongeza muda, yaani ukivuta maji kisimani leo, baada ya siku kumi kisima cha jirani kitakuwa kimeshuka kiasi gani.

Modeli za sasa zinachukua eneo zima zinalikatakata viboksi, tuseme kila kimoja mita 100 kwa 100 na matabaka kadhaa kwenda chini, kila kiboksi unakipa upenyo wake, uwezo wake wa kutunza maji, na mvua kiasi gani inazama. Kompyuta inapiga hesabu ya Darcy kati ya kila kiboksi na jirani zake, maelfu kwa maelfu. Programu inayotumika sana ni MODFLOW, ya shirika la jiolojia la serikali ya Marekani, ilitoka 1984 na ni ya bure kabisa. Mgodi unauwekaje? Viboksi vya makaa unavigeuza kuwa kama mtaro wa kutolea maji, na kadiri uchimbaji unavyosogea unafungua vingine. Na mkuu yuko sahihi, viboksi vya juu ya gofu unatakiwa uvibadilishe upenyo sababu vimepasuka. Asiyefanya hivo kadanganya mtihani.

Mpimaji_wa_Goba:

Dogo safi sana, mwalimu wako asifiwe. Ila sasa nikuongezee kitu ambacho mi nimefundishwa na visima.

Huo upenyo unaoupa kila kiboksi unautoa wapi? Sababu tofauti sio ndogo. Changarawe na mfinyanzi vimepishana upenyo zaidi ya mara milioni. Sio mara mbili, sio mara kumi. Na mwamba mmoja huohuo ukiwa mzima na ukiwa na ufa unaweza kupishana mara elfu. Kwa hiyo unatoboa, unavuta maji kwa kipimo siku moja, tatu, unaangalia yanashuka vipi na yanarudi vipi, ndio unapata namba.

Nikupe mfano wa hapahapa. Mwaka fulani kuna mteja Goba alichimbiwa kisima na kampuni moja, wakapima maji masaa mawili, wakamwambia mama hapa una lita elfu nne kwa saa, funga pampu kubwa jenga nyumba za kupangisha. Miezi minne baadaye kisima chake kinatoa hewa na cha jirani kimekauka, wakaanza kununiana mpaka kwenye jumuiya. Nilipoitwa nikapima siku tatu mfululizo, kumbe ule mwamba ulikuwa mfuko mdogo tu, masaa mawili walikuwa wanavuta akiba iliyokuwa karibu na bomba. Sasa hicho ni kisima kimoja na mama mmoja. Hamishia kosa hilohilo kwenye mgodi wa miaka thelathini.

Kibatari:

Duh kwa hiyo masaa mawili ni kama mtu anakuchumbia ijumaa jumapili anataka mahari ijadiliwe.

Mpimaji_wa_Goba:

😂😂 Kibatari hebu kaa kwenye mkeka wako.

Lakini kuna kitu kigumu zaidi ya hicho na ndicho kilichonifanya nifungue huu uzi, naomba mnisome taratibu.

Wote mna simtanki nyumbani. Chukulia umeamka asubuhi umekuta tanki liko nusu, jana nusu, juzi nusu. Je unaweza kuniambia maji mangapi yanaingia? Huwezi. Inawezekana DAWASA wanaleta kidogo na nyie mnatumia kidogo, inawezekana wanaleta mengi na kuna mpangaji anafua mchana kutwa. Kimo kilekile, habari mbili tofauti kabisa. Sasa mtu akikuuliza nikitoboa tundu hapa chini tanki litashuka kwa kasi gani na litasimama wapi, jibu linategemea kabisa ni habari ipi kati ya hizo mbili.

Maji ya ardhini ni hivohivo. Wale wataalam wanapima kimo cha maji kwenye visima kumi, wanarekebisha modeli mpaka kimo cha kompyuta kifanane na kimo cha kweli, halafu wanasema modeli imekubali. Lakini ukipandisha mvua inayozama mara mbili na ukapandisha upenyo mara mbili, kimo kinabaki palepale! Modeli mbili, zote zimekubali, moja ina maji mengi yanayopita na nyingine machache. Kabla ya mgodi huzitofautishi. Siku mgodi unafunguliwa zinatoa majibu tofauti ya maji yatakayoingia mgodini na ya umbali ambao athari itafika.

Kinachozitenganisha ni kupima maji yanayotoka. Chemchemi inatoa lita ngapi kwa sekunde. Mto mdogo kiangazi, wakati hakuna mvua, maji yaliyobaki humo yote ni ya ardhini, unatoa kiasi gani. Na kwenye ile ripoti chemchemi zimetajwa kwenye mstari mmoja kwamba zipo. Zipo! Asante, hata mbuzi wanajua zipo.

Injinia_Mstaafu:

Vijana shikamooni msiosalimia wakubwa. Nimefanya kazi za maji miaka mingi, sasa nipo Kimara nafuga kuku, nimesoma huu uzi kwa furaha kwa kuwa ni nadra kuona watu wakijadili jambo badala ya kutukanana.

Naomba niongeze mambo mawili ambayo kijana wa Goba hajayagusa.

La kwanza. Mnazungumza maji ya juu kushuka mgodini. Kuna maji ya chini kupanda. China kaskazini makaa yao mengi yamekalia mwamba wa chokaa wenye mapango na maji yenye shinikizo kubwa. Tarehe 2 Juni 1984, mgodi wa Fangezhuang kule Tangshan, mashine zilikaribia shimo la kale lililoporomoka ndani ya mwamba, likiwa limeunganika na ile chokaa. Maji yaliingia kwa kasi iliyofika mita za ujazo 2,053 kwa dakika. Boza la lita elfu kumi mnalijua, hayo ni maboza 205 kila dakika. Mgodi ulizama.

Wachina wana kanuni rahisi ya kutabiri hilo, unachukua shinikizo la maji unagawanya kwa unene wa mwamba uliobaki kati ya makaa na maji. Jibu likiwa chini ya 0.06 megapaskali (kipimo cha shinikizo) kwa mita hata penye mipasuko wanaona inavumilika, na penye mwamba mzima wanakwenda mpaka 0.1. Sasa piga: shinikizo megapaskali 3, mwamba mita 40, unapata 0.075. Uko salama au hauko? Jibu ni kwamba inategemea kama kuna mpasuko mkubwa wa mwamba hapo. Hesabu nzima imekuja kuangukia kwa yule mtu aliyetembea porini na nyundo kuchora ramani ya miamba. Na makaa yetu yapo kwenye miamba ya matabaka ya kale iitwayo Karoo, kwenye mabonde yaliyokatwakatwa na mipasuko hiyo. Mpasuko mmoja unaweza kuwa bomba, mwingine ukawa ukuta, na kwa macho wanafanana.

La pili ni juu ya neno "modeli imethibitishwa". Mwaka 1992 wanahaidrolojia wawili wa Marekani, Leonard Konikow na John Bredehoeft, waliandika wazi kwamba modeli ya maji ya ardhini haiwezi kuthibitishwa kuwa kweli, inaweza tu kujaribiwa na kukutwa na makosa. Huyo Konikow miaka michache nyuma yake alikuwa amefanya jambo ambalo sisi hatulifanyi, alirudi kuangalia utabiri wa zamani. Arizona kulikuwa na modeli iliyorekebishwa kwa data za miaka kama 40, ikatabiri maji yatakavyoshuka hadi 1974. Aliporudi kulinganisha, utabiri na hali halisi havikushikana vizuri. Sehemu ya kosa ni kwamba walikadiria vibaya watu watavuta maji kiasi gani. Data ya miaka 40. Ninyi mna miezi mingapi?

Dogo_Hesabu:

Shikamoo mzee. Hapo kwenye miezi mingapi umenimaliza.

Mpimaji_wa_Goba:

Shikamoo mzee wangu, samahani kwa kutosalimia. Kwenye ripoti wana vipimo vya siku nne. Mwezi wa nne, masika yamejaa.

Injinia_Mstaafu:

Marahaba. Mwezi wa nne hata kisima cha mlevi kina maji.

Pesa_Makaratasi:

Nyie wote mnapinga maendeleo tu. Nchi inahitaji umeme na saruji, makaa yanauzwa nje yanaleta dola, malori yanalipa, meli zinapakia Mtwara, halafu mtu amekaa Goba anapinga mgodi kwa ajili ya chemchemi. Na isitoshe maji yakishuka si yatarudi mgodi ukifungwa? Mvua hainyeshi?

Mpimaji_wa_Goba:

Mkuu hakuna sehemu nimesema mgodi usichimbwe, rudi juu usome tena. Nimesema namba ya mita 3 haina mama wala baba. Mgodi unaweza ukawa sawa kabisa na namba ikawa ya uongo vilevile.

Ila swali lako la maji kurudi ni zuri, na jibu lake si ndio wala hapana. Illinois Marekani walifuatilia maji juu ya migodi ya kuporomosha paa. Ukuta wa makaa ukikaribia chini yako maji ya kisima yanashuka ghafla, na hapo sio lazima yawe yameingia mgodini, mwamba umepanuka umefungua nyufa mpya na maji yamekwenda kujaza hizo nyufa, kama unavyohamisha maji ya glasi kwenye sahani. Baada ya muda sehemu moja yalirudi juu, pale mwamba wa mchanga ulikuwa unapitisha maji vizuri. Sehemu nyingine mwamba ulikuwa mgumu kupitisha, maji hayakurudi vya kueleweka. Na pale yaliporudi yalikuja na chumvichumvi zaidi ya mwanzo.

Halafu kurudi kwenyewe kuna sura nyingine. Mgodi ukifanya kazi pampu zinavuta, hewa inaingia kwenye miamba. Ndani ya makaa mara nyingi kuna madini ya chuma na salfa yanaitwa pairaiti, yakikutana na hewa na maji yanatengeneza asidi. Siku pampu zinazimwa maji yanapanda taratibu miaka na miaka yanaosha ile asidi yote na chuma, yanakuja kutokea bondeni yakiwa rangi ya fanta. Uingereza migodi mingi imefungwa siku nyingi na mpaka leo serikali inalipia pampu na mabwawa ya kusafishia hayo maji. Afrika Kusini kule eMalahleni, ile ya zamani ikiitwa Witbank, tangu 2007 kuna mtambo unasafisha maji ya migodi ya makaa mpaka yanakuwa ya kunywa yanaingia kwenye mabomba ya mji. Inawezekana kabisa. Ila ni mtambo, unakula umeme, una bajeti. Kwenye ripoti yetu baada ya kufunga mgodi imeandikwa "miti itapandwa".

Mama_Nuru_Kigamboni:

Wanangu mimi sijasoma hayo ya viboksi lakini nimeelewa la simtanki. Huku kwetu Kigamboni tulichimba visima kila nyumba, leo chumvi, hata chai haikolei. Hakuna aliyetuambia. Swali langu ni moja tu, kisima kikikauka nani analipa? Sababu mwenye mgodi atasema ni ukame, mwenye kisima atasema ni mgodi, na mwenye karatasi nyingi ndiye anashinda.

Mpimaji_wa_Goba:

Mama shikamoo, hilo ndio swali la uzi mzima umelisema wewe kwa mistari mitatu.

Chumvi ya kwenu na yenyewe ni habari ya utabiri, karibu na bahari kila mita moja ya maji baridi iliyosimama juu ya usawa wa bahari inashikilia kama mita 40 za maji baridi chini yake, ukiishusha ile moja unaipandisha chumvi kwa arobaini. Ndio maana mi nikija Kigamboni nakataa pampu kubwa na wateja wananiona mchawi.

Kuhusu nani analipa. Jimbo la Pennsylvania Marekani, ambako wamechimba makaa zaidi ya miaka mia mbili, wana sheria ya mwaka 1994 wanaiita Act 54. Wanapiga mstari kutoka ukingo wa mgodi kule chini kuja juu kwa kuinama nyuzi 35 kutoka wima. Ukiwa na kisima ndani ya huo mstari na maji yakaharibika, inachukuliwa kwanza kwamba ni mgodi, mwenye mgodi ndio athibitishe kwamba sio yeye. Mgodi wa kina cha mita 200, mstari unatoka kama mita 140 nje ya ukingo. Ni kipimo cha kijinga kidogo, mwamba haujui nyuzi 35, na nje ya mstari ukiathirika mzigo wa kuthibitisha unarudi kwako. Lakini angalau kila mtu anajua amesimama upande gani. Na kwa sababu hiyohiyo kampuni zenyewe zinakimbilia kupima visima vya watu kabla ya kuchimba, maana bila kipimo cha kabla hawana cha kujitetea nacho.

Kwetu, sheria ya mazingira ya 2004 inataka tathmini kabla ya mradi na wananchi wasikilizwe, inapita taasisi ya taifa ya kusimamia mazingira. Sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inataka kibali cha kutumia maji na cha kumwaga maji machafu kutoka bodi ya maji ya bonde husika, tuna mabonde tisa, na huko Kiwira, Ngaka, Mchuchuma maji yanaelekea Ziwa Nyasa. Kwa hiyo mahali pa kupeleka vipimo papo. Vipimo ndio havipo.

Pesa_Makaratasi:

Sawa nimekuelewa kidogo. Lakini sasa we ungefanyaje? Kulalamika ni rahisi.

Mpimaji_wa_Goba:

Haki yako kuuliza. Nisingetoa namba moja, hilo la kwanza. Ningeendesha modeli na nyufa zikifika mita 90, halafu na zikifika 150, halafu na ule mpasuko mkubwa ukiwa bomba na ukiwa ukuta, nikampa mwenye kijiji picha zote akaona kwamba kwenye picha mbili chemchemi ipo na kwenye picha mbili haipo. Halafu ningesema ni kipimo gani kingetuambia mapema tumo kwenye picha ipi. Kwa mfano matundu mawili matatu ya kupimia juu ya sehemu ya kwanza itakayochimbwa, kila moja lina vipimio vya shinikizo kwenye vina tofauti, ukiona vya chini vinaporomoka na vya juu vimetulia unapumua, ukiona vya juu navyo vinafuata unasimamisha kabla hujafika chini ya chemchemi. Modeli unairekebisha kila mwaka na maji halisi yanayopampiwa mgodini, maana hayo sasa ndio yale "maji yanayotoka" niliyowaambia, hapo simtanki linaanza kusema ukweli.

Na kabla ya yote mwaka mzima wa vipimo, kiangazi na masika. Ikipatikana miwili, bora. Sio bei ya ajabu, kipimio cha kamba chenye kengele ninacho kwenye buti la gari hapa.

Injinia_Mstaafu:

Ongeza na maabara. Sampuli ya maji kabla: asidi au la, salfeti, chuma, chumvi. Salfeti ndiyo hupanda mapema, kabla hata rangi haijaonekana.

Mpimaji_wa_Goba:

Sahihi mzee, nimeandika.

Mwana_wa_Songwe:

Wakuu mi nimekaa kimya nawasoma tangu jana. Hatuna hicho kipimio cha kamba wala maabara wala kompyuta. Kule kwetu kuna mama mzazi, mdogo wangu wa darasa la sita, na chemchemi ina bomba la plastiki limewekwa na kanisa siku nyingi. Kuna kitu tunaweza kufanya sisi?

Mpimaji_wa_Goba:

Kipo, na ndio kile ambacho ripoti ya kurasa mia tatu haikufanya. Mwambie dogo achukue ndoo ya lita 20, aweke chini ya hilo bomba, ahakikishe maji yote yanaingia ndoo na hakuna yanayopita pembeni, ahesabu sekunde kwenye simu mpaka ijae. Arudie mara tatu aandike zote tatu. Kila jumapili asubuhi, kwenye daftari moja, tarehe na saa. Na siku mvua ikinyesha aandike imenyesha, hata bila kipimo. Asibadilishe ndoo. Kurasa za daftari mpige picha kila mwezi mzitunze sehemu mbili.

Lita 20 gawanya kwa sekunde, hiyo ndio namba yako. Ukinitumia mwezi wa kumi na ukanitumia mwezi wa nne, nitakuwa nimejua maji ya mlima wenu zaidi ya yule mtaalam na rangi zake.

Kibatari:

Kazi ya dogo wa darasa la sita hiyo, na posho je?

Mwana_wa_Songwe:

Posho nimeahidi vocha 😂

Nimempigia mama jana jioni, leo wametoka ibadani wamekwenda wote na majirani wawili, imekuwa kama sherehe. Ndoo ya lita 20: sekunde 34, 33, 34. Picha ya daftari ninayo hapa, mwandiko wa dogo mbaya ila unasomeka.

Mpimaji_wa_Goba:

Hiyo ni kama lita 0.6 kwa sekunde. Saa ngapi walipima? Na mvua ya mwisho huko ilinyesha lini?